Agriturismo ya Italia: kodi nzuri, ruzuku ya kusubiri

Familia ya wakulima inayofikiria kupokea wageni shambani huulizia ruzuku kwanza. Kwa mfumo wa Italia wa kupokea wageni shambani, uitwao agriturismo, hilo ni swali la pili. Ubora wake uko kwenye sheria na kodi. Ruzuku ndiyo yenye kero.

Sheria namba 730 ya 1985 ilifungua njia, na namba 96 ya 2006 ikachukua nafasi yake. Kwa sheria hiyo, anayelaza na kulisha wageni anabaki mkulima mradi kilimo kiwe ndiyo shughuli kuu, na kinachopimwa hasa ni muda wa kazi. Kipimo hiki ni cha busara, maana vyumba vichache vinaweza kuingiza fedha kupita mavuno ya msimu mzima. Wageni wakiwa 10 au pungufu, kilimo kinahesabiwa kuwa kikuu bila mjadala. Malazi yawekwe kwenye majengo yaliyopo tayari shambani: ghala, zizi la zamani, nyumba ya babu. Chakula nacho lazima kitoke kwa sehemu kubwa shambani au kwa wakulima wa eneo hilo, na kila mkoa una viwango vyake. Atakayepanga orodha ya vyakula kabla ya kujua shamba linatoa nini atakwama hapa.

Upande wa kodi, sheria ya 1991 inaruhusu kukadiria faida kuwa asilimia 25 ya mapato, na kubakiza nusu ya VAT unayotoza wageni. Kampuni za hisa hazimo. Kuna mtego: ukiwa kwenye mfumo huu wa makadirio, VAT uliyolipa kwa mafundi na vifaa hairudishwi kivyake. Anayekarabati kwa fedha nyingi apige hesabu ya mfumo wa kawaida kwanza, akijua kwamba akiuchagua atafungwa nao kwa miaka 3.

Sasa ruzuku. Katika programu ya maendeleo vijijini ya Umoja wa Ulaya ya 2014–2020, fedha zilipitia kipengele cha 6.4, zikigawiwa na mikoa. Unalipa kwanza, unarudishiwa baadaye. Tuseme ukarabati ni euro 100,000 na mkoa unachangia asilimia 40. Malipo ya awali hayazidi nusu ya mchango, yaani 20,000, tena kwa dhamana ya kiasi hicho chote, ambayo benki haitoi bure. Hizo 80,000 zilizobaki unazitafuta mwenyewe, na 20,000 za mchango zilizosalia huja baada ya ukaguzi. Familia isiyo na akiba wala mkopo haifiki huko, na hao ndio waliohitaji msaada zaidi. Kasoro hii ni kubwa.

Makosa yanayowaponza waombaji ni ya kawaida mno. Fundi anaanza kazi kabla ombi halijapokelewa: gharama hiyo haikubaliwi, isipokuwa zile za maandalizi kama ada ya msanifu. Ankara inalipwa taslimu, ushahidi wa benki haupo. Ukubwa wa chumba unabadilishwa katikati ya ujenzi bila kibali cha mabadiliko. Na ukishalipwa, ukiacha shughuli au ukiuza ndani ya miaka 5, unarudisha fedha kulingana na muda uliobaki.

Kwa anayetaka vyumba viwili vitatu tu, aachane na ruzuku, afungue kwa kutumia kile kigezo cha wageni 10.