Multimita ya DT-830D: inatosha kujua omu na wati, ukielewa inachokupimia

Kwa miezi minane sasa meza yangu ya kutengenezea pasi, redio na taa imekuwa na multimita mbili (vifaa vya kupimia volti, ampea na omu) za aina ya DT-830D, zile ndogo zenye swichi kubwa ya kuzungusha katikati, ambazo viwanda vingi vya China huzitengeneza kwa umbo lile lile na ambazo utazikuta katika maduka mengi ya vifaa vya umeme Kariakoo, Dar es Salaam. Nilinunua kila moja kwa shilingi 15,000. Nilichukua mbili kwa makusudi, kwa sababu multimita moja haiwezi kusoma volti na ampea kwa wakati mmoja, na ukipima ampea kwanza, kisha ukaichomoa ili upime volti, saketi unayoipima mara ya pili si ile uliyoipima mara ya kwanza.

Jaribio langu la kwanza lilikuwa taa ya indiketa ya gari iliyoandikwa 12V 21W. Multimita moja niliiweka katika njia ya mkondo, kwenye tundu la ampea 10, na nyingine nikaiunga sambamba na balbu. Ya kwanza ilisoma ampea 1.74 na ya pili volti 12.1. Kwa kanuni aliyoichapisha Mjerumani Georg Ohm mwaka 1827, ukinzani (kiasi ambacho kifaa huzuia mkondo) ni volti ukigawanya kwa ampea, yaani omu 6.95; na nguvu ni volti mara ampea, yaani wati 21.05. Kwa kifaa cha bei hii, kukaribia kiasi hicho maandishi yaliyo kwenye balbu kulinifurahisha sana.

Kisha nikaizima taa, nikaiacha ipoe na kuipima moja kwa moja kwa upande wa omu. Ilisoma 0.9, na kwa kuwa waya za kupimia zikigusanishwa zenyewe husoma 0.4, balbu ilibaki na omu 0.5 tu. Mtu akichukua namba hiyo na kupiga hesabu ya volti mara volti, kisha kugawanya kwa omu, atapata karibu wati 293 kwa balbu ya wati 21. Multimita haikukosea hata kidogo. Waya wa tangsteni ulio ndani ya balbu una ukinzani mdogo ukiwa wa baridi, na ukinzani huo hupanda mara nyingi unapowaka, kwa hiyo wati za balbu ya aina hii lazima zitafutwe kwa volti na ampea zilizopimwa ikiwa inawaka.

Pasi ni habari nyingine, na hapa ndipo multimita hii imenilipa zaidi. Haina sehemu ya kupima ampea za umeme wa AC, yaani ule wa soketi za ukutani, na watu wengi huiona kasoro hiyo kuwa kubwa. Mimi pia ningependa iwe nayo. Hata hivyo, ukinzani wa koili ya pasi, yaani waya wake wa nikromu unaotoa joto, haubadiliki sana kwa joto, hivyo ukinzani unaoupima pasi ikiwa imechomolewa kabisa ukutani unatosha kwa hesabu. Pasi ya mteja mmoja ilisoma omu 54.1, nikaondoa 0.4 za waya, zikabaki 53.7. Kwa volti 230 inatumia ampea 4.28 na wati 985. Mteja alilalamika kwamba jioni haipati moto wa kutosha, nami nilipopima soketi ya nyumbani kwake saa mbili usiku nikakuta volti 198, ambazo huipa pasi ile ile wati 730 tu. Pasi ilikuwa nzima. Volti zilipungua kwa asilimia 14, na nguvu ikashuka kwa robo nzima, kwa kuwa nguvu hufuata mraba wa volti. Nilimrudishia pasi yake bila kuifungua.

Kumbuka kuzungusha kitufe cha joto cha pasi kabla ya kupima, maana kikiwa kimezimwa kioo huonyesha tarakimu 1 peke yake upande wa kushoto, na fundi mgeni anaweza kudhani koili imekatika. Hesabu hii ya omu isitumike kwa feni, friji au kifaa chochote chenye mota, kwani ukinzani unaousoma kwenye waya wa mota hausemi mkondo utakaopita ikiwashwa.

Jambo linalonitia wasiwasi ni tundu la ampea 10, ambalo halina fyuzi. Waya mwekundu ukisahaulika humo kisha ncha zikapelekwa kwenye soketi ili kupima volti, huo ni mguso wa moja kwa moja kati ya nyaya mbili za umeme, na anayeshika multimita anaweza kuungua. Kwangu kijana anayejifunza kazi haruhusiwi kulitumia nikiwa sipo. Waya zenyewe ni nyembamba, na jozi moja ilikatika ndani ya ganda mwezi wa tatu. Nilizibadilisha kwa nene zaidi.

Angalia pia betri yake ya volti 9. Inapochoka sana, multimita husoma volti kwa kuzidisha badala ya kupunguza, na kosa hilo hujirudia mara mbili ukikokotoa wati kwa mraba wa volti. Nililigundua siku multimita zangu mbili ziliposoma betri moja ya sola tofauti, moja 12.9 na nyingine 12.3, tofauti ambayo kwenye wati ingefika asilimia 10. Nilipoweka betri mpya katika ile iliyosoma juu, zote mbili zikasoma 12.3.