Mafungo ya wazee wa kanisa Lushoto, siku tatu, maoni yangu

Nimerudi Jumapili iliyopita toka Lushoto kwenye mafungo ya wazee wa kanisa na viongozi wa vikundi kuhusu kuachilia ugomvi wa zamani, siku tatu, sh 85,000 kulala na kula humo humo, nauli juu yako. Watu wananiuliza kama inafaa kupeleka wazee wao, jibu ni ndio inafaa, ila ngoja nieleze maana mi nilienda nikiwa na kitu moyoni.

Mwaka juzi kanisani kwetu tulikuwa tunaezeka. Mi ndo mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, nikasema tuchukue bati geji 28, zile nene za bei juu, mama mtunza hazina akasema pesa iliyopo ni ya geji 30, nyembamba, tuezeke kabla ya masika, kikao kikaenda na yeye. Bati zimebonyea na upande wa kwaya panavuja mpaka leo. Yani nilikuwa sahihi kabisa, na kila kikao nikawa nakumbushia, mvua ikinyesha katikati ya ibada naangalia juu alafu namwangalia yeye. Mwaka huu mama akaachia uhazina, jumuiya haji tena, na mi bado naona tatizo ni lake.

Sasa siku ya kwanza tukafungua Matendo 15, pale Paulo na Barnaba wanapogombana kuhusu Yohana Marko aliyewaacha Pamfilia. Mwezeshaji akauliza nani alikuwa sahihi, weee, ukumbi ukagawanyika, tumebishana karibu lisaa na mi nikiwa kimbelembele upande wa Paulo, kwamba mtu alishakukimbia safari ya kwanza unambebaje tena ya pili. Alipoona tumechoka akasema haya nitafutieni mstari ambao Luka anaamua kesi. Haupo. Luka kaandika wakatengana, Barnaba na Marko kwenda Kipro, Paulo na Sila kwenda Shamu na Kilikia, bas. Alafu tukasoma 2 Timotheo 4:11, Paulo yuko kifungoni wengi wamemwacha, anaagiza aletewe Marko huyo huyo maana anamfaa kwa utumishi. Hakuna sehemu anarudia ile kesi ya zamani. Sikuchangia tena siku ile.

Zoezi la siku ya pili ndo lenye thamani ya hela yote. Unakaa na mtu usiyemjua unamsimulia ugomvi wako, ila unasimulia ukiwa upande wa mwenzio, unasema "mimi" kama vile we ndo yeye. Nikaanza vizuri tu, mimi ni mtunza hazina, nataka geji 30. Mama mmoja wa Korogwe akaniuliza, sasa mbona ulikuwa na haraka hivyo? Nikakosa jibu, miaka miwili sijawahi kumuuliza. Ndo nikakumbuka kwamba ni yeye aliyekuwa anazunguka nyumba kwa nyumba na daftari la ahadi, bibi zetu wanatoa mia tano mia tano, na geji 28 maana yake yeye arudi mara ya tatu kwenye milango ile ile. Nilikuwa nalijua hilo siku zote na sikuwahi kuliweka pamoja na habari ya bati, ilinibidi nitoke nje nikasimame kidogo.

Usiku kuna mzee wa Bukoba alitusimulia habari za Uamsho, ile harakati ya toba makanisani, ulivyowaka Gahini kule Rwanda na Uganda miaka ya 1930 ukavuka mpaka kwao Buhaya, na jinsi mtu alivyokuwa anasimama kutubu mbele ya wale wale anaowaongoza, mpaka wamisionari wazungu wakawa wanaomba msamaha kwa Waafrika ambao wao wazungu walikuwa wanawatuma kazi. Alipoanzisha Tukutendereza, wimbo wa Uamsho, watu walilia. Hiki kipindi kingepewa muda zaidi.

Penye udhaifu sasa. Ndugu mmoja aliuliza swali zito, mbona Galatia 2 Paulo anampinga Petro uso kwa uso kule Antiokia, je naye angenyamaza? Akajibiwa kwa dakika kama tano hivi tukaenda chai. Hapo sikuridhika, maana kuna wazee watarudi makwao wakidhani kuachilia ni pamoja na kunyamazia sadaka ikiliwa, na mtu anayeonewa ataambiwa asamehe tu. Bati sio wizi. Hilo lilihitaji nusu siku. Ratiba nayo imebana, saa 11 alfajiri maombi mpaka saa 4 usiku, wazee wa miaka 70 walikuwa wanasinzia.

Jumatano nimeenda kwa mama hazina. Nikamuuliza lile swali la Korogwe na nikaomba msamaha kwa vile vikao vyote, akaniambia kuhusu hao bibi kwa muda mrefu, tukanywa chai. Kurudi kwenye uhazina hajasema.

Mkiweza nendeni wawili mnaotofautiana toka kanisa moja, mi nilienda peke yangu na najuta. Gari za kupanda zipo Mombo pale, chukua mapema, na beba sweta zito, blanketi wanatoa moja tu.