Bafu Dogo la Kibuli: Tathmini ya Kazi ya Mafundi Waliolikarabati

Nyumba yetu iko ghorofa ya kwanza huko Kibuli, Kampala, na bafu lake, ambalo humo humo mna choo cha kukaa, sinki na bomba la mvua, lilikuwa na upana wa sentimita 124 na urefu wa sentimita 210. Mtu akisimama kutawadha, kiwiko kiligonga ukuta upande huu na sinki upande ule, na mama mkwe wangu, ambaye magoti yake hayamruhusu kugeukageuka, alikuwa akiteka maji kwenye birika na kwenda kutawadhia uani. Ndiyo sababu tuliamua kuwaita mafundi, wala haikuwa tamaa ya mapambo. Sitawataja kwa jina, kwa kuwa nitaeleza pia walipokosea. Itoshe kusema kwamba ni kikundi cha mafundi watatu, mmoja wa bomba na wawili wa vigae, na kwamba kazi yote pamoja na vifaa ilitugharimu shilingi za Uganda 7,200,000.

Jambo la kwanza lililonifanya niwaamini ni kwamba fundi mkuu hakuanza kwa kuzungumzia rangi. Alifungua mlango, akaufunga, akaufungua tena, kisha akachora kwa chaki sakafuni upinde ambao mlango huo wa sentimita 70 ulikuwa ukipitia. Upinde huo ulimeza karibu sehemu moja kwa saba ya sakafu nzima, sehemu ambayo haikuweza kuwekwa chochote wala kusimamwa na mtu mlango ukiwa unafunguka. Walihamisha bawaba, mlango ukawa unafungukia koridoni, na kwa kazi hiyo ya nusu siku tulipata nafasi kubwa kuliko tuliyoipata kwa kitu kingine chochote kilichofuata.

Vigae ndivyo vilivyonifundisha zaidi. Sakafu ya zamani ilikuwa na vigae vya sentimita 20, na wingi wa mistari ya grauti, yaani ule ujazo wa kati ya kigae na kigae, ulikuwa ukiikatakata sakafu hata jicho likaona vipande badala ya chumba kimoja. Nilitaka vigae vya sentimita 60, ila nilikuwa nimeonywa na jirani kwamba vigae vikubwa havifai bafuni, kwa sababu maji yakitakiwa kuelekea kwenye tundu la katikati, sakafu hulazimika kuinama kutoka pande zote nne, na kigae kikubwa hakikunjiki. Onyo hilo ni la kweli, na mafundi hawakulipuuza. Walichofanya ni kuliziba tundu la katikati na kuweka mchirizi mwembamba wa chuma chini ya ukuta wa mwisho, hivi kwamba sentimita 90 za upande wa kuogea zinainama kuelekea upande mmoja tu, kwa kushuka sentimita mbili, na mwinamo huo unaanza pale pale mstari wa vigae unapoishia. Hakuna kigae kilichokatwa mshazari. Vigae vya ukutani na gundi yake vilipunguza upana kwa sentimita tatu, basi vigae viwili vya sakafuni vikajaa ukuta kwa ukuta bila kile kipande chembamba cha pembeni ambacho huharibu kazi nyingi. Kizingiti cha kuogea kiliondolewa, na sakafu sasa inaonekana moja kuanzia mlangoni hadi mwisho. Kigae ni kile kile sakafuni na ukutani, rangi ya maziwa, ila cha sakafuni hakina mng'aro, maana king'aacho kikilowa huteleza.

Kosa lao kubwa lilikuwa haraka. Walipaka sakafuni kinga ya kuzuia maji yasipenye siku ya Jumatano, na Alhamisi asubuhi nikawakuta wanachanganya gundi ili waanze kubandika, bila kuipima sakafu. Chini yetu wanaishi watu, kwa hiyo nilikataa. Tuliziba mchirizi, tukajaza maji kimo cha vidole viwili, tukaweka alama ya penseli ukutani, tukaacha kwa saa 24. Kesho yake yule fundi wa bomba alipiga magoti, akaitazama alama muda mrefu, kisha akasema, "Hajati, maji yameshuka." Palikuwa na uvujaji mahali mchirizi unapoungana na bomba la kutolea maji. Walipafungua na kupaunga upya bila ubishi na bila kudai nyongeza, na hilo nawasifia. Lakini kama nisingesimama pale, uvujaji huo ungefunikwa na vigae.

Kioo cha kutenganisha sehemu ya kuogea, kilichochukua nafasi ya pazia la plastiki, kinaacha jicho lifike hadi ukuta wa mwisho. Kinahitaji kufutwa kwa mpira kila baada ya kuoga, la sivyo madoa ya sabuni hukigandia na faida yake hupotea. Kioo cha kujitazamia kimewekwa mkabala na dirisha, na mchana hatuwashi taa. Sinki limefungwa ukutani bila mguu. Tangi la choo tuliliacha nje ya ukuta kwa ushauri wao, kwa kuwa kulificha ukutani kungekula nafasi na kufanya ukarabati uwe mgumu.

Walichelewa siku tisa, na silikoni, ile gundi laini ya kuzibia pembeni mwa kioo, imeanza kubanduka baada ya miezi miwili. Lakini bomba fupi walilolifunga chini, karibu na kigoda, ndilo mama mkwe wangu anatawadhia kila alfajiri, ameketi, bila kugusa ukuta. Tumewaita tena kwa bafu la nyumba nyingine aliyo nayo yeye mwenyewe, na safari hii kipimo cha saa 24 kimeandikwa kwenye makubaliano kabla ya malipo ya awali.