Molecule 01 au mafuta ya udi?

Marashi yote mawili hayabagui mwanamume wala mwanamke, ila tabia zao hazifanani hata kidogo.

Molecule 01, aliyoibuni Mjerumani Geza Schoen na kuitoa mwaka 2006, ina kiungo kimoja tu cha harufu: Iso E Super, kinachotengenezwa maabara. Hakuna waridi, hakuna ndimu. Unapata harufu laini ya mti mkavu, kama mbao za mwerezi zilizorandwa jana, kisha inakupotea puani. Wengine hawaisikii kabisa, ilhali abiria wa pembeni kwenye teksi ya Kampala anaweza kugeuka akauliza umejipaka nini. Napenda sana usiri huo. Harufu inakaa na ngozi, haimtangulii mtu mlangoni.

Udi hauna siri. Hutokana na mti wa Aquilaria uliojeruhiwa, ukaingiwa na kuvu, ukatoa utomvu mzito wa kujikinga. Tone moja kwenye kifundo cha mkono hutosha hadi jioni: mwanzoni ukali wa ngozi ya mnyama, baadaye utamu. Kwa nikahi au Idi nauchagua udi bila kusita. Kwenye teksi iliyojaa saa saba mchana, Molecule 01 tafadhali. Joto huufanya udi uwalemee wenzako.