Fulashi ya injini: nililipia, nikaishia kushusha sampo

Gari yenyewe ni IST ya 2004, injini 1NZ, na kazi yake ni Mbagala–Posta asubuhi na jioni. Taa ya oili ilianza kuwaka nikisimama kwenye mataa injini ikiwa ya moto. Nikikanyaga mafuta, taa inazima. Nikapima kijiti, oili ipo. Nikafungua kifuniko cha kujazia oili, nikamulika kwa simu. Ndani kumeganda kitu cheusi kizito, ukigusa kinanata kidoleni kama lami mbichi.

Sheli ya karibu na nyumbani wakanishauri fulashi, yaani dawa ya kuosha injini kwa ndani. Chupa, oili mpya na filta, jumla 120,000. Wanaimimina dawa kwenye oili ya zamani, injini inaunguruma silensa dakika kumi, kisha wanamwaga. Ilitoka nyeusi tii, nikafurahi.

Furaha ya siku tatu. Siku ya nne, Mtoni kwa Azizi Ally, taa ikawaka haizimi na juu ya injini kukaanza kugonga tatata. Nikazima palepale, na ndiyo akili pekee niliyotumia katika kisa hiki chote. Gari ikavutwa hadi Gerezani.

Fundi akashusha sampo, lile bakuli la oili chini ya injini. Wavu wa chujio la pampu ya oili ulikuwa umezibwa, matundu ya kuhesabu ndiyo yalibaki wazi. "Kaka, umefagia nyumba halafu taka zote umezirundika mlangoni," akaniambia. Dawa ilibandua uchafu kwa mapande, pampu ikayavuta, oili ikakosa njia ya kupanda juu. Akaosha kila kitu kwa dizeli na brashi. Akachomoa pia valvu ya PCV, ile ndogo ya juu ya injini, akaitikisa sikioni mwangu: kimya. Nzima hucheza ndani. Ikiganda, mvuke na moshi wa petroli vinabaki ndani ya injini na kuipika oili.

Ila kosa kubwa ni langu. Stika ilisema nibadilishe oili kila kilomita 5,000, mimi nilikuwa nasogeza hadi 8,000, tena kwa oili ya kupima kutoka kwenye pipa. Na kilomita za Mbagala si za Morogoro: saa mbili za foleni unatembea kilomita kama 15, oili inachemka muda wote lakini dashibodi haihesabu.

Sasa natumia oili ya 5W-30 ya kopo lililofungwa, namwaga kila kilomita 4,000, na filta nabadilisha kila zamu. Miezi saba, taa haijawaka.

Fulashi naipa nyota mbili. Labda inafaa injini ambayo bado safi, lakini kama umeshaona lami chini ya kifuniko, shusha sampo kwanza. Fundi nampa nne. Ya tano nimeikata kwa sababu silikoni aliyopaka kuziba sampo ilivuja, nikakuta doa kwenye boksi nililotandika chini ya gari. Alirudia bure, lakini nauli ya kwenda Gerezani na kurudi ilikuwa yangu.