Kuishi ndani ya Ofisi ya Vita: tuikague The OWO, London

Haya, mnanisikia? Upepo unapiga maikrofoni, mnivumilie. Nipo Whitehall, London, na hili jengo la mawe nyuma yangu ndilo lililokuwa Ofisi ya Vita ya Uingereza, yaani wizara ya jeshi. OWO ni kifupi cha Old War Office, Ofisi ya Vita ya Zamani. Lilikamilika 1906, likiwa na vyumba zaidi ya 1,000. Tangu 2023 ni hoteli ya Raffles yenye vyumba 120, pamoja na apatimenti 85 za watu kununua.

Kilichonikosha ni korido. Pana, mikokoteni miwili inapishana bila kugusana, na ukiziunganisha zote ni zaidi ya kilomita 3. Sakafu ni ya mozaiki, kijiwe kimoja kimoja kimepangwa kwa mkono. Nimechuchumaa kuvigusa mbele ya mlinzi, aibu kidogo, lakini ukipitisha kidole unahisi kabisa kwamba havilingani. Ngazi kuu nayo ni marumaru. Ukiishuka na malapa unajiona umekosea njia.

Apatimenti ya mtu sijaingia, nisiwadanganye. Ila ofisi za wakubwa wa enzi zile zilikuwa na dari za juu na madirisha marefu, na hapo mnunuzi anafaidi. Tabu ni kwamba jengo linalindwa kisheria kama urithi: huamki tu Jumamosi ukamwita fundi atoboe ukuta. Bwawa la kuogelea la mita 20 wamelichimbia chini ya ardhi. Bei? Mamilioni ya pauni, tusonge.

Kuna kitu dalali hatakuonyesha. Waingereza walipochapwa na Wajerumani pale Tanga, Novemba 1914, kwenye Vita vya Kwanza vya Dunia, ofisi hii ndiyo iliyokabidhiwa vita vya Afrika Mashariki. Ndivyo vita vilivyozoa babu zetu kwenye Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi, wakabeba risasi na unga, wakafa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa malaria na kuhara damu. Kariakoo ya Dar na Kariokor ya Nairobi, majina yametoka huko. Haldane, aliyekuwa Waziri wa Vita, ana chumba cha kifahari chenye jina lake humu. La mpagazi sijaliona popote nilipopita.

Ningenunua? Hapana, hata ningekuwa nazo. Mtaa wenyewe ni wizara kulia, wizara kushoto, nyanya utanunua wapi? Ningeomba chai tu nikae karibu na zile ngazi. Nimeitazama bei ya chai… basi langu hilo linakuja, ngoja nikimbie.