Dawa ya meno ya mbwa ya Virbac C.E.T.: tunachokisifu ni ladha

Anayeinunua tyubu hii akitumaini itayeyusha ugaga wa kahawia ulioganda kwenye magego ya mbwa wake, bora abaki na pesa zake. Ugaga ukishashika haung'oki kwa dawa yoyote ya kupaka. Lakini mwenye mbwa anayejificha chini ya meza kila akiona mswaki, huyo amepata kitu cha kumfaa.

Tunayoizungumzia ni tyubu ya gramu 70, ladha ya kuku. Zipo pia za nyama ya ng'ombe, kimea, vyakula vya bahari, na vanila yenye mnanaa. Ya kuku ndiyo ya kuanza nayo. Ile ya mnanaa inampendeza zaidi mwenye mbwa kuliko mbwa mwenyewe, na anayepaswa kukubali hapa ni mbwa.

Ukisoma orodha ya viambato utakuta glukosi, na wengi hushangaa: sukari ndani ya dawa ya meno? Imewekwa makusudi, iwe chakula cha vimeng'enya viwili vilivyomo, yaani protini zinazochochea kemikali kubadilika. Kimeng'enya cha kwanza, glukosi oksidesi, huitumia glukosi hiyo pamoja na oksijeni kutengeneza hidrojeni peroksaidi kidogo. Cha pili, laktoperoksidesi, huichukua peroksaidi hiyo na thiosianati na kutengeneza kemikali inayodhoofisha bakteria wa kinywani. Ni mfumo uleule ambao mate yenyewe yanao, umeongezewa nguvu tu. Unasaidia, ila hauchukui nafasi ya mswaki. Kazi kubwa inafanywa na nywele za mswaki zinazokwangua ukoga, ule utando laini wa bakteria, na tyubu hii thamani yake ni kwamba mbwa anauona mswaki kama kijiko cha supu.

Haitoi povu, na mbwa akiimeza hakuna neno. Hilo ni sharti, kwa sababu mbwa hajui kusukutua wala kutema. Dawa yetu sisi binadamu ina povu na floraidi, na baadhi zina zailitoli, utamu ambao kwetu hauna shida lakini kwa mbwa ni sumu: takriban gramu 0.1 kwa kila kilo ya uzito yatosha kushusha sukari ya damu kwa hatari, yaani gramu 1 tu kwa mbwa wa kilo 10. Kiwango kikiwa kikubwa zaidi, ini huharibika. Ndani ya tyubu hii utamu unatokana na sobitoli. Majina yanafanana, vitu ni tofauti. Na mkaa uliosagwa, ambao bado kuna watu wanausifia, unakwaruza jino, kisha ukoga unapata mahali pazuri zaidi pa kushika.

Kuhusu miswaki inayouzwa pamoja na dawa hii, ule wa kuvaa kidoleni hatuupendekezi ila kwa wiki ya mazoezi. Ni mnene, nywele zake hazifiki kwenye mfereji mwembamba kati ya jino na ufizi, ambako ugonjwa huanzia, na kidole chako kinabaki katikati ya meno. Ule wenye vichwa viwili, kikubwa upande mmoja na kidogo upande mwingine, ni mzuri. Mswaki laini wa mtoto mdogo nao unafanya kazi hiyohiyo kwa bei nafuu.

Sasa matumizi, na hapa ndipo tyubu nyingi huishia kabatini. Usianze na mswaki. Siku 3 za kwanza mlambishe dawa kidoleni tu. Siku zinazofuata inua mdomo wa juu, upake kwa kidole juu ya fizi za mbele. Akizoea, leta mswaki kwenye meno ya chonge peke yake, kisha kila siku rudi nyuma kidogo. Wiki 2 si nyingi. Kinywa kisifunguliwe, acha taya zifungwe, uteleze mswaki kati ya shavu na meno. Ulaze nyuzi 45 kuelekea ufizi, uzungushe duara ndogondogo, nusu dakika kila upande. Upande wa ndani ulimi unausafisha kwa kiasi chake, usigombane na mbwa kwa ajili hiyo.

Gego la kutoruka ni lile kubwa la juu, la nne ukihesabu kutoka nyuma ya chonge, linalokutana na gego kubwa la chini kama makasi. Mrija wa tezi kubwa ya mate humwagia mate karibu nalo, na madini ya mate hayo ndiyo yanayougeuza ukoga laini kuwa ugaga. Mbwa ana meno 42, lakini ukiwa na dakika moja tu, itumie hapo na kwenye chonge.

Dawa ya kiasi cha punje ya njegere inatosha mbwa wa wastani; mdogo nusu yake. Ukitumia nusu gramu kwa siku, tyubu inafika siku 140. Kosa la kawaida ni kuiweka juu ya nywele kama kwenye matangazo: mbwa analamba yote kwa mpigo mmoja, na unabaki kusugua kwa mswaki mkavu. Isukumize kwa kidole iingie katikati ya nywele.

Kosa jingine ni kupiga mswaki mara moja kwa wiki. Ukoga huanza kuwa mgumu ndani ya siku 1 hadi 3, kwa hiyo kufikia Jumapili unasugua jiwe. Kila siku ndiyo kipimo, na ukishindwa, piga leo, kesho ruka, keshokutwa piga tena.

Damu kidogo siku za mwanzo ni dalili ya fizi zilizovimba, na inapaswa kupungua. Isipopungua, au ukiona usaha, jino linalotikisika, mbwa anayetafuna upande mmoja, ama harufu ya kinywa inayokera hata ukiwa mbali, weka tyubu chini umwone daktari wa mifugo. Ukimpigia mbwa mswaki juu ya jino linalouma utamfundisha kuuchukia. Usafishaji wa kweli hufanywa kwa nusukaputi, pamoja na picha za eksirei, kwa sababu sehemu inayoumwa iko chini ya ufizi. Wanaokwangua bila nusukaputi wanakurudishia meno meupe yenye ugonjwa uleule chini yake.

Kama mbwa wako hakubali mswaki kabisa, tafuta vitafunwa vyenye muhuri wa VOHC, baraza la Marekani linalopima bidhaa za meno ya wanyama, kama Greenies, ukivichagua kwa uzito wake. Mifupa migumu na pembe hapana: jino lilelile la makasi hupasuka ubavu, na kipande kikitoka, kiini kinabaki wazi.

Ihifadhi tyubu kivulini, kifuniko kimekaza. Vimeng'enya haviwezi joto, na ile iliyosahaulika kwenye dashibodi ya gari ni bora uihesabu kuwa ladha ya kuku tu.